Flashi ya Heshima

Saa mbili asubuhi foleni ya watu waliokuja kutafuta wazazi wao ilikuwa imeshapita duka la mbolea na kukunja kona. Osmunda Haule aliwachungulia dirishani, akamalizia uji wake akiwa amesimama, kisha akafungua mlango wa studio kama alivyoufungua kwa miaka zaidi ya hamsini. Mingi ya miaka hiyo alifungua wakaingia inzi tu. Siku hizi watu walimlilia.

Wa kwanza alikuwa mama wa miaka sitini na ushee, mwembamba, amejifunga kitenge cha kijani kilichopauka. Nyuma yake alifuata binti yake, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi.

"Shikamoo dada Osmunda."

"Marahaba. Karibu kiti."

"Sikai, dada. Nimebakiwa na siku nane." Aliweka karatasi ya wito mezani. "Naitwa Gaudensia Ngonyani. Huyu ni mwanangu Filotea. Nyumba yetu ni ile ya juu kabisa, Matogoro, chini ya chemchemi ya pili. Nimezaliwa pale. Sasa wanataka nithibitishe."

Osmunda hakuwa na haja ya kuisoma karatasi. Tangu mito ya bondeni ikauke, mlima ulizungushiwa uzio, na kila familia ilitakiwa kuonyesha kwamba ilikuwapo kabla ya uzio: sura ya mzazi, mlango wa nyumba, na picha isiyo na shaka. Waliokosa walishushwa kambi ya Mto Mkavu, ambako maji yaliletwa kwa zamu, na zamu nyingine yalisahauliwa. Filotea alikuwa ameshashushwa mara moja, akarudishwa kwa rufaa. Alishuka na watoto watatu, akapanda na hawa wawili.

"Picha ipo," Gaudensia alisema. "Baba yako alitupiga siku ya Komunyo yangu ya Kwanza. Nilikuwa na miaka kumi. Mama alisimama mlangoni. Flashi ilimshtua akafumba macho, akacheka, akaomba arudiwe. Baba yako akamrudia. Niliona kwa macho yangu haya."

"Mlikuja kuichukua?"

"Mama alifariki masika yaliyofuata. Nani angekuja kuchukua picha, dada?"

Osmunda alikwenda kwenye kabati la chuma. Kila mkanda wa negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, ulikuwa na bahasha yake ya kaki, tarehe imeandikwa na baba yake, Mzee Ditram, kwa ule mwandiko wa shule ya misheni uliolalia upande mmoja. Haikumchukua dakika tano. Matogoro, Komunyo, Juni 2003. Aliuinua mkanda kwenye mwanga wa dirisha akaanza kuhesabu kwa kidole. Maandamano. Padri. Watoto na mashada. Nyumba ya akina Ngonyani, mlango wazi, hakuna mtu. Familia ya Mapunda. Familia ya Mapunda tena, bibi yao akiwa ameketi. Hiyo ilikuwa ya thelathini na sita, na hapo filamu ilikwisha.

Akakumbuka. Alikuwa na miaka ishirini, mkoba wa vifaa begani, macho yote kwenye kidirisha cha kamera kinachohesabu. Namba ilikuwa imesimama na watu bado walikuwa wanasubiri milangoni mwao, wameshajipaka mafuta, wameshavaa. Mzee Ditram hakumfukuza mtu. Aliendelea kufyatua. Flashi iliwaka, watu wakafurahi, na ndani ya kamera hakikuingia kitu. Aliiita flashi ya heshima. Ukimwambia mtu filamu imekwisha, alisema, umemwaibisha mbele ya majirani zake. Mpige flashi, aende na furaha yake, akija wiki ijayo mwambie picha imeungua. Mafundi wa picha wa zama zile wote walifanya hivyo, na anayekataa ni mwongo. Funika kombe mwanaharamu apite.

"Umeiona?" Gaudensia aliuliza.

"Mikanda ya mwaka ule ni mingi," Osmunda alisema. "Njoo kesho."

Ulimtoka kirahisi uongo huo, wala hakumeza mate.

*

Sasa kabla hujamhukumu mwanamke huyu, jua alikotoka. Aliirithi studio wakati filamu inakata roho. Akajifunza kamera ya dijitali, akajifunza kompyuta, akawa anakupunguzia chunusi na kukuongezea weupe wa meno kwa kubonyeza mara mbili. Akala vizuri miaka kumi. Kisha kila mtu akawa na kamera mfukoni, na fundi akabaki anaitwa kwenye paspoti na misiba. Akanunua ndege ya picha, hizi zisizo na rubani, ya kwanza mjini Songea. Watu wakaiita kipanga kwa sababu kuku walikimbilia uvunguni walipoisikia. Bibi harusi mmoja alilia kwa furaha alipojiona toka juu, shela limetanda nyasini. Osmunda akadhani amefika.

Hakufika kokote. Miaka michache tu, vipanga vikawa havihitaji mtu wa kuvirusha. Vya serikali vilikaa angani tangu alfajiri mpaka jioni, vikapiga kila harusi na kila maziko na kila mzee aliyejisitiri kichakani, na kila picha ikazaliwa na muhuri wake ndani. Nani amwite Osmunda tena? Na huku nyuma mashine zilikuwa zimejua kuchora picha ya jambo lolote, lililotokea na lisilotokea, hata mahakama zikasema picha isiyo na muhuri ni porojo. Za zamani zote zikawa porojo, isipokuwa zilizopigwa kwa filamu. Filamu ina chembe za fedha ndani ya utando, na utando ule huzeeka kwa namna ambayo mashine zilishindwa kuiigiza. Ofisi ya makazi ilikuwa na mtambo wake, watu waliuita Mkaguzi. Uliichukua negativu, ukakata ncha ya ukingo wake, ukaipima, ukasema hii ni ya mwaka fulani, basi, ubishi umekwisha.

Hivyo kabati la Mzee Ditram, ambalo Osmunda alikaribia kulichoma moto mara mbili, ndilo likawa linaamua nani anywe maji. Familia mia mbili na kumi na mbili zilikuwa mlimani kwa nguvu ya kabati lile. Na kanuni haikuwa na huruma: negativu moja ya studio ikigundulika kuwa ya kughushi, zote za studio hiyo zinafutwa siku ile ile.

*

Gaudensia alirudi kesho yake peke yake. Osmunda alikuwa ameandaa jibu. Imeungua, mdogo wangu, pole sana. Ni neno lililookoa mafundi wengi, na hata yeye aliwahi kulitumia. Lilifika mdomoni likakataa kutoka.

"Hakukuwa na filamu, Mama Filo."

"Siku gani?"

"Siku ile. Ilikuwa imekwisha. Baba alipiga flashi tupu ili msijisikie vibaya."

Gaudensia safari hii aliketi. Aliweka mikono juu ya magoti.

"Alimpiga mara mbili," alisema.

"Ndiyo."

"Na zote mbili..."

"Zote."

"Mama akiumwa alikuwa anatuambia tusimlilie sana. Alisema, sura yangu iko kwa Haule, mtakwenda kunichukua." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Osmunda aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, aibu ya baba yake na yake mwenyewe, maana alikuwapo na aliona na alinyamaza.

"Nitakwenda kuapa," alisema. "Nitamwambia Bwana Nchimbi wa makazi kwamba nilikuwepo, nikawaona mnaishi pale."

"Atakuuliza picha iko wapi. Ukimwambia baba yako aliwadanganya watu kwa flashi, ataanza kujiuliza aliwadanganya kwa nini kingine. Utawashusha wale mia mbili pamoja na mimi."

Kweli tupu.

"Itengeneze," Gaudensia alisema.

"Unajua unachoniomba?"

"Nakuomba picha mliyoniahidi. Tuliishi pale, tulisimama pale. Kilichokosekana ni filamu yenu. Filotea nimeshamzikia mtoto mmoja kule chini. Mdogo anakohoa tangu waliporudi, na nikimpeleka tena Mto Mkavu hamalizi mwezi. Niambie tu kama inawezekana au haiwezekani."

Iliwezekana. Hilo ndilo lililokuwa likimtesa Osmunda kwa miaka sita tangu Mkaguzi aletwe. Kwenye friji alikuwa na filamu tatu za mwaka ule, hazijawahi kuona mwanga. Mkaguzi alipima umri wa filamu, lakini siku mwanga ulipoingia hakuweza kuipima. Fundi wa zamani yeyote angeliona tundu hilo, ila mafundi wa zamani walikuwa wamekufa, amebaki yeye.

"Inawezekana," alisema. "Shida ni sura. Una picha yoyote ya mama yako?"

"Ningekuwa nayo ningekuja kwako?"

"Hata ya ndugu yake?"

"Nipige mimi. Watu wote walisema nimefanana naye."

"Wewe vipanga vinakujua. Filotea vinamjua, na watoto. Ukimweka mtu aliye hai, Mkaguzi, anayezisoma sura zote za vipanga, atamtaja jina kabla hatujaketi. Anatakiwa mtu aliyekufa kabla ya vipanga, na ambaye hakuna aliyewahi kuja kumdai."

Alivuta boksi chini ya kaunta. Hakuna studio iliyokosa boksi kama hilo: picha ambazo wenyewe walipiga wakaenda wasirudi, kila moja imefungwa pamoja na negativu yake. Wengine walihama, wengine walikufa, wengine walikuwa wamepiga kwa sababu ya mchumba aliyewaacha. Osmunda alizipanga mezani, wanawake kumi na mmoja. Gaudensia alizitazama huku amejishika kifua.

"Huyu mweupe mno. Huyu kijana. Huyu... hapana. Mama alikuwa na mwanya, dada."

"Mkaguzi hajui mwanya wa mama yako."

"Mimi naujua."

Mwisho Osmunda alimchagulia, na alichagua kifundi tu, kwa kufuata jua. Kwenye picha ya nyumba jua lilitoka kushoto, na mwanamke mmoja, mwenye kitambaa cheupe kichwani na mwavuli mkononi, naye jua lilimpiga kutoka kushoto. Nyuma ya picha hapakuwa na jina. Mzee Ditram aliandika kwa penseli, atakuja Jumamosi.

"Ana watoto huyu?"

"Sijui."

"Wakija je?"

"Miaka hamsini na mbili hawajaja."

"Hata mimi miaka hamsini na mbili sikuja," Gaudensia alisema.

Hapo Osmunda alitaka kurudisha picha zote ndani ya boksi. Sura ikishafungwa kwa jina ofisini haifunguliwi. Wakija watoto wa mwenye mwavuli, hata kesho, wataambiwa huyu ana wanawe tayari, na wao watateremka na mabegi yao. Asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga walisema kweli, ila hawakusema kwamba ni haki. Lakini watoto hao hawakuwa na uso wala kikohozi. Wa Filotea alikuwa amemsikia akikohoa pale pale studio, mgongoni kwa mama yake.

"Kamchukue Filotea mniletee kahawa," alisema. "Kahawa halisi ya Mbinga, nyingi kadiri mnavyopata. Na magadi. Na chumvi nusu gunia."

*

Dawa za kusafishia filamu zilikuwa zimetoweka madukani kabla Filotea hajazaliwa, lakini Mzee Ditram alipitia miaka ya ukosefu na alimfundisha bintiye njia ya shida. Kahawa chungu, magadi na vidonge vya vitamini C huamsha picha. Chumvi iliyokolea huituliza isiharibiwe na mwanga, taratibu, siku nzima badala ya dakika kumi. Osmunda alijifungia kwenye chumba cha giza tangu asubuhi, mlango umezibwa kwa blanketi, joto na harufu ya kahawa vikamfanya atokwe jasho mpaka kwenye nyayo.

Alisafisha kwanza picha ya nyumba, kwenye karatasi zake za mwisho za zamani, kubwa kama sinia. Kisha ya mwanamke. Akamkata kwa wembe akifuata ukingo wa kitambaa, bega, kiwiko. Alikwenda taratibu, kwa mikono ya miaka sabini na miwili. Mwavuli aliuacha, maana kuukata kungeharibu vidole. Akambandika mlangoni, akaziba ukingo kwa penseli laini, akamchorea kivuli miguuni. Alipomaliza aliipiga upya picha ile nzima kwa kamera ya baba yake yenye filamu ya 2003, mara sita, akibadilisha mwanga kila mara.

Tatu zilitoka na ukungu. Mbili hazikutoka kabisa. Moja ilitoka.

Aliitazama ikiwa bado imelowa. Mwanamke amesimama mlangoni pa nyumba ambayo pengine hakuwahi hata kuiona, anasubiri Jumamosi yake. Ilikuwa kazi safi, safi kuliko zote alizowahi kufanya, na Osmunda akalia kwa uchungu hadi akaketi chini sakafuni.

*

Siku ya saba walisimama mbele ya Mkaguzi. Ulikuwa mtambo wa kijivu usiofika kifuani, na Bwana Nchimbi, afisa mstaarabu mwenye mafua, aliufuta vumbi kwa leso kabla ya kuupa negativu. Ukakata ncha. Ukanyamaza. Osmunda alishika ukingo wa meza akiziona familia mia mbili na kumi na mbili zinashuka mlima.

"Filamu: mwaka 2003, au miezi michache kabla," Mkaguzi alisema kwa sauti ya mtangazaji. "Mahali: Matogoro, nyumba namba kumi na saba. Sura: haijasajiliwa, haijadaiwa. Mdai, taja uhusiano."

Gaudensia aliitazama picha kubwa iliyotokea ukutani. Filotea alikuwa pembeni na watoto, hajaambiwa lolote. Walikubaliana hivyo, ili asilazimike kusema uongo.

"Mdai, taja uhusiano."

"Mama yangu mzazi."

"Taja jina."

"Anastela Ngonyani."

"Sura imefungwa kwa jina Anastela Ngonyani. Makazi yamethibitishwa."

Bwana Nchimbi akapenga kamasi, akawapa mkono mmoja mmoja. Filotea aliusogelea ukuta, akamwinua mtoto mdogo.

"Kumbe bibi ndiye huyu," alisema, machozi yanamtiririka. "Mwone bibi yako mkubwa. Mama, mbona mmefanana hivi? Ni wewe mtupu."

"Ndiyo," Gaudensia alisema.

*

Alirudi studio mwezi mmoja baadaye, saa za mchana, foleni ikiwa imepungua. Kikohozi cha mtoto kilikuwa kimeisha, alisema. Anakunywa maji mpaka tumbo linajaa. Osmunda alimshukuru Mungu na akamtazama, maana mgeni hakuja na uso wa shukrani.

"Filotea ameitundika sebuleni. Kila jioni watoto wanamwombea marehemu wakiitazama, na siwezi kuishusha. Wa makazi wanapita kukagua, na Filo mwenyewe nitamwambia nini?" Alisugua viganja vyake. "Alfajiri hii nimemwota mama. Tangu afe ananijia kwenye ndoto, dada, si mara nyingi, ila ananijia. Leo amekuja na kitambaa cheupe na mwavuli. Amekuja na sura ile. Nikamwambia wewe siye, akacheka, na hata kicheko ni cha yule. Nimeamka nikajaribu kumkumbuka wangu. Nimejaribu tangu asubuhi. Mwanya naukumbuka kwa kuusema tu, siuoni."

"Pole, mdogo wangu."

"Sikuja kwa ajili ya pole. Waliokuwapo siku ile wote wamekwisha, umebaki wewe. Ulisimama karibu naye kuliko mimi. Niambie alikuwaje. Alisimama vipi, alivaa nini, uso wake ulikuwaje alipocheka. Niambie chochote, nitakishika hicho hicho."

Osmunda alifumba macho akatafuta. Aliuona mkoba, kamba yake inamkata bega. Aliuona mkono wa baba yake na kidole juu ya kitufe. Alikiona kidirisha na ile thelathini na sita iliyogoma kusogea, nyeupe, wazi, kila mkunjo wa tarakimu. Alijaribu kuinua macho kutoka kwenye kamera amtazame mwanamke aliyekuwa anacheka mlangoni, na kila alipoyainua alimkuta mwenye mwavuli.

Angeweza kubuni. Kazi yake ilikuwa hiyo sasa.

"Simkumbuki, Mama Filo," alisema. "Mimi nilikuwa naangalia kamera."

Gaudensia alitikisa kichwa polepole, akajifunga vizuri kitenge chake, akainuka.

"Basi sasa ndiyo amekufa," alisema.